Vipimo Tisini na Sita vya Kimya

Jana Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, nilijilaza kwenye jamvi nikisema nafumba macho kidogo tu, na ndoto ikanikamata hapo hapo, mchana kweupe, jua linawaka na jirani anatwanga. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nikiota huwa naota natafuta funguo. Hii nimeiandika kama ilivyokuja, na atakayecheka acheke.

Kwanza mjue kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mimi napiga matoazi kwenye okestra. Ni yale masahani mawili ya shaba yanayogonganishwa. Okestra yetu ina fidla, matarumbeta, zumari mbili na ngoma za kila aina, na muziki tunaopiga umetokana na ngoma za watu: chakacha, mdundiko, hata dansi la wazee wetu. Hatupigi ukumbini. Tunaupeleka muziki kwenye watu, hapa hapa Tanga mjini: soko la Ngamiani, stendi, uwanja wa hospitali, stesheni ya reli. Mama wa watu yuko kwenye nyanya, anageuka, anakuta fidla kumi na mbili zinamwangalia.

Kazi ya matoazi ni kungoja. Wenzangu wanapiga, mimi nimesimama nyuma nahesabu: kipimo cha kwanza, mapigo manne, kipimo cha pili, mapigo manne. Kuna wimbo nangoja vipimo tisini na sita, napiga mara moja, pwaa, nakaa. Hesabu ikikupotea katikati kuna sharti moja tu. Aliyepoteza hesabu anyamaze. Mwalimu Kimweri, kiongozi wetu, hulirudia kila tukikutana. "Ukikosa kuingia, hakuna atakayejua," husema. "Ukiingia vibaya, mji mzima utajua."

Sharti hilo nimelishika mpaka nyumbani, na ndilo lililoniponza.

Mama yetu, Mwanakombo binti Semboja, Mungu amrehemu, alikuwa mtunzi wa nyimbo za ngoma za arusi. Mtaani kwetu wimbo wa ngoma una mwenyewe. Kabla haujaanzwa, mwanzishaji husimama akamtaja: "Huu wa Mwanakombo." Asipotaja, wanawake hawampigii hata kofi moja. Miaka sita iliyopita nilimpelekea Mwalimu Kimweri wimbo mmoja wa mama. Akaupanga kwa okestra nzima, ukatoka mtamu mpaka nikajificha chooni nikalia. Ndipo katibu wetu akanipa fomu nijaze. Jina la mtunzi, anwani ya mtunzi, saini ya mtunzi. Mama alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Anwani ningeandika ipi, na saini ningeipata wapi? Nikaogopa fomu isije ikarudishwa na wimbo ukaachwa. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: Hajulikani.

Tulipiga stesheni. Dada yangu Mwanamvua, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa ngomani, alikuja na khanga mpya, akakaa mstari wa mbele. Mtangazaji akasoma karatasi: "Wimbo wa asili, mtunzi hajulikani." Dada akainuka kabla hata fidla hazijaanza. Akanipitia kule nyuma nilikosimama, akasema taratibu, bila kelele: "Kumbe Mbwana, mimi na wewe tumezaliwa na asiyejulikana." Akaenda zake. Mwaka huohuo akahamia Muheza kwa binti yake, Saumu.

Nilitaka kumwomba radhi. Wallahi nilitaka. Nikasema ngoja hasira ipoe kwanza. Ikaja Idi, nikaona bado mapema. Ikaja nyingine, nikaona nimeshachelewa. Sikujua tena niingie wapi, basi nikanyamaza, na miaka sita ikapita hivyo.

Haya, sasa ndoto.

Tuko sokoni Ngamiani. Okestra imepangwa katikati ya mafungu ya mchicha. Mwalimu Kimweri amevaa lile koti lake jeusi la maonyesho, chini kikoi, na hakuna anayeshangaa. Mbele yake amesimama bwana mmoja mwembamba mwenye futi ya fundi cherehani shingoni. Huyu ni bwana wa vibali. Anasoma kibali chetu kwa sauti.

"Muziki wa ngoma umeruhusiwa. Kucheza ngoma hakujaruhusiwa."

"Tumeelewa," anasema Mwalimu.

"Bega likipanda zaidi ya inchi moja, hiyo ni ngoma. Nyonga sitaki hata kuizungumzia."

Tunaanza chakacha. Wanunuzi wamesimama wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Bwana wa vibali anapita katikati yao anapima bega moja moja. Mzee mmoja anapiga chafya, anaandikiwa karatasi ya faini. Halafu mizani ya muuza vitunguu inaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na bwana wa vibali anasimama mbele yake.

"Wewe unacheza."

"Napima," mizani inajibu.

"Unapima nini? Sahani zako tupu."

Mizani inafikiri kidogo. "Basi nacheza," inasema, inapokea karatasi yake, inaendelea.

Mimi niko nyuma nahesabu. Toazi la kulia linanigeukia.

"Mbwana, tuko kipimo cha ngapi?"

"Cha sitini na mbili."

"Mimi nina arobaini na moja."

"Mimi nina tisini na tano," linasema la kushoto. "Halafu mikono yako ina jasho. Tutateleza."

Naduwaa. Miaka kumi na saba nayashika matoazi haya, sikujua kwamba nayo yanahesabu.

"Ulidhani tunakutegemea wewe?" linauliza la kulia. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Sisi hatuna matumbo," linasema la kushoto.

"Nilikuwa namwambia yeye."

Mwalimu Kimweri ananyanyua kidole, na muziki unakatika. "Nani kapoteza hesabu?" Wapiga fidla wote, mmoja baada ya mwingine, wananielekezea pinde zao. Hakuna hata mmoja anayejifanya kuangalia pembeni, na wengine kati yao tunakopeshana sukari.

"Anyamaze," anasema Mwalimu, "na akaitafute."

Najaribu kuuliza nikaitafute wapi. Sauti haitoki. Nimeamriwa kunyamaza, basi nimenyamaza kweli, hata koo halitikisiki. Mwalimu anaelewa. "Huko mitaani," anasema. "Kila barabara kipimo kimoja. Nenda kwa miguu."

Asiyeijua Tanga ajue kwamba mitaa ya Ngamiani haina majina, ina namba. Barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ishirini na ushee. Ukiwa macho, mpango huo unasaidia sana. Ukiwa ndotoni na umetumwa kutafuta vipimo tisini na sita, unachoka.

Natembea, matoazi kwapani. Barabara ya tano nakuta okestra inapiga mbele ya duka la mabati. Sijui wamenipitia wapi. Barabara ya saba wanapiga tena, wameshabadilisha viti. Mpiga zumari ananipungia mkono kama tunaonana mara ya kwanza leo. Barabara ya tisa ni Idi.

Ni Idi ile ya kwanza baada ya stesheni, naitambua. Watoto wana nguo mpya na barabara ya tisa imekuwa stendi ya mabasi, bila kuniuliza. Pale kwenye benchi amekaa mtu. Ni mimi, wa miaka hiyo, na kanzu yangu ile yenye darizi. Mkononi nina tiketi ya Muheza. Mapajani nina pakiti ya halua niliyomnunulia dada, ile nyeusi anayoipenda, ya lozi.

Kondakta anaita: "Muheza, Muheza, inaondoka!"

Nataka kumwambia yule bwana: panda. Panda, mjinga wewe, ni saa moja tu kutoka hapa. Sauti haitoki. Nayagonga matoazi usoni pake. Hayatoi mlio, nayo yamenyamazishwa. Yule bwana anaiangalia saa, anaiangalia tiketi, midomo inamchezacheza. Najua anachofanya. Anahesabu. Anajiuliza kama ni mapema mno, na basi linaondoka, na yeye anaikunja tiketi anaitia mfukoni, anafungua halua, anaila. Anaila yote, hapo hapo benchini, analamba na karatasi.

Hilo si la ndotoni. Lilitokea kweli, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

"Ilikuwa tamu?" linauliza toazi la kushoto. Lenyewe limerudishiwa sauti, mimi bado.

Barabara ya ishirini na moja ninaipita. Mbele yake kuna ya ishirini na saba, halafu ya thelathini na saba, ambayo Tanga haipo, lakini ina kibao kabisa na ina nyumba na watu wanaanua nguo. Nageuka kona, barabara inaisha, niko ndani ya hospitali, pale wagonjwa wanapongojea kuitwa. Okestra inapiga polepole, maana ukutani kumeandikwa USIPIGE KELELE. Muuguzi yuko dirishani anaita namba. Benchi limejaa watu na vitu. Nakaa karibu na kandambili moja ya mguu wa kushoto, imekaa peke yake, imeshika kikaratasi cha namba kwa ukanda.

"Habari za saa hizi," inanisalimia.

Natikisa kichwa.

"Umenyamazishwa? Pole. Mimi ni wa kushoto. Kazi yangu imekwisha tangu mwezi wa tatu. Wa kulia bado anaendelea, anasema siku hizi anavaliwa mpaka anachoka." Inakitazama kikaratasi. "Nimeambiwa nisubiri hapa nitaitwa. Lakini namba yangu haina mtu."

Naikodolea macho. Ukanda wake ulikatika zamani, ukashonwa kwa uzi mwekundu, mishono ya kupishana. Kuna mtu mmoja tu duniani ninayemjua anayeshona kandambili badala ya kununua mpya, naye yuko Muheza.

Muuguzi anaita: "Kandambili! Jina la mwenyewe?"

"Hajulikani," inajibu kandambili. "Ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu."

"Nani kaandika?"

Kandambili inakunja kikaratasi chake. Inanisogelea kidogo, kwa adabu, ikinificha muuguzi asinione. Ningependa inishtaki kuliko ilivyonifanyia. Naona aibu mpaka masikio yanawaka, nainuka, natoka kwa mlango wa kwanza ninaouona.

Mlango unatokea stesheni. Jukwaa zima limetandikwa fomu, ileile, kubwa kama uwanja, na watu wamevua viatu ili wasiichafue. Nafasi ya anwani ya mtunzi inafika mpaka relini. Nafasi ya saini ina watoto wanaocheza rede. Katika nafasi ya jina, ambayo ni kama ukumbi wa arusi, amesimama dada Mwanamvua, khanga kiunoni, anacheza.

Okestra inapiga wimbo wa mama. Nawaapia sijawahi kuusikia ukipigwa vizuri namna ile. Fidla zinakwenda kama wanawake wanaocheka chumba cha pili.

Nasogea. Koo linafunguka ghafla.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hasimami. Mabega yanapanda, yanashuka, palepale mama alipokuwa akiyapandisha yake. Mguu wa kushoto haupo, umeishia kwenye kifundo. Anacheza hivyohivyo na hakosei hata pigo.

"Dada, mguu uko wapi?"

"Umetangulia."

"Umetangulia wapi?"

"Kwa Mama. Ilibidi mmoja wetu aende kumwambia kwamba anajulikana. Wewe ulikuwa na kazi."

"Ni sukari?"

"Ni sukari. Usinikatize, nitapoteza mwendo."

Nataka kukaa chini. Nataka kumshika mkono. Lakini bwana wa vibali ameshafika, amevua viatu kama wengine, anatembea juu ya fomu kwa soksi. Anapima bega la dada. Inchi nne. Anapima tena, haamini.

"Mama, hii ni ngoma," anasema. "Kibali kiko wapi?"

"Kamwombe mwenye wimbo," anasema dada.

"Mwenye wimbo nani?"

Muziki unasimama, ila haujaisha. Pinde zimebaki hewani. Wapiga tarumbeta wamevuta pumzi na wamezishika. Mwalimu Kimweri ananigeukia, kijiti chake cha kuongozea kiko juu, na nyusi zake zinanipa ile ishara ambayo mpiga matoazi huingojea maisha yake yote. Dada naye amesimama, kwa mguu mmoja, ananiangalia. Hana hasira. Ana uso wa mtu aliyekuja arusini na anataka tu ngoma ianze.

"Sasa," linasema toazi la kulia.

"Sasa," linasema la kushoto. Mara ya kwanza yanakubaliana.

Jina ninalo mdomoni. Ni jina la mama yangu, nitalisahau vipi? Mwanakombo binti Semboja. Ni la kusema tu. Lakini nafikiria: je, ni hapa kweli? Nimepita barabara ngapi? Kama ni tisini na tano? Nikiingia vibaya, stesheni nzima, dada, watu hawa wote waliovua viatu, wote watajua. Nahesabu upya kwa vidole. Naanzia barabara ya pili.

Mwalimu Kimweri anangoja. Kisha anashusha kijiti, taratibu, bila kunigombeza, na anafunua ukurasa.

"Hajulikani," anasema bwana wa vibali, anaandika.

"Haya," anasema dada. Anafungua khanga kiunoni, anajitanda kichwani vizuri, anaondoka kwa kurukaruka kuelekea relini, na okestra nzima inamfuata, viti na vyote, na fomu inajikunja nyuma yao kama mkeka uliokwisha kukaliwa. Ndipo nikayagonga matoazi. Niliyagonga kwa nguvu zangu zote, na nikapiga kelele jina la mama mpaka koo likauma. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na viatu vyao tu, na vyenyewe vikaniambia nipunguze sauti.

Nikaamka.

Jirani alikuwa bado anatwanga. Shati limeloa. Nilikaa pale kwenye jamvi nikijiambia, Mbwana, mtu mzima ovyo, ndoto za mchana ni za joto. Kesho okestra ina onyesho, kunywa maji, kayapanguse matoazi. Nikanywa maji. Nikarudi nikakaa. Mwisho nikachukua simu. Namba ya dada ilikuwa imeshabadilika, sikuwa nayo. Nilikuwa na ya Saumu tu, niliyopewa kwenye msiba wa watu wengine na sijawahi kuipiga.

"Shikamoo mjomba." Sauti ya mtu aliyeshtuka.

"Marahaba. Hamjambo huko? Saumu, mama yako... mguu wake hajambo?"

Saumu alishusha sauti.

"Mjomba, nani kakwambia?"

"Ni wa kushoto?"

"Walimkata mwezi wa tatu, kwenye kifundo. Ni sukari." Alikuwa ameanza kulia. "Mimi nilitaka kukupigia mjomba, Mungu ni shahidi yangu. Alinikataza. Alisema mwache mdogo wangu na kazi yake, usimbabaishe akaja akakosea mbele za watu. Halafu kuna siku anauliza, Mbwana hajapiga? Nikimwambia bado, anasema haya."

Kwa nyuma nikasikia mlango, na kitu cha mbao kikigonga sakafu, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka sita. Ilikuwa imezeeka.

"Nani huyo, Saumu?"

"Mjomba Mbwana."

Nikasikia kuku wao. Nikasikia pikipiki ikipita huko Muheza, ikaenda mpaka ikapotea, na yeye bado hajasema kitu.

"Muulize," akasema dada, "kama ameshakula."

Nilikuwa nimeshakula, tena wali wa nazi, sahani mbili. Nikasema bado.